Ukuta Ulioukwangua

Mabira,
Jumatano, mwezi wa kumi, 1951

Mpenzi mdogo wangu Kokushubira,

Nakusalimu sana, wewe na wote wa nyumba yako huko Rugu. Mguu wako umepona? Na yule ng'ombe aliyemkataa ndama wake, amemkubali? Huku hatujambo. Mvua imeanza, maharage yameota, na mimi bado nina meno manne ya kutafunia nyama siku ukiniletea. Anayeandika ni mkwe wangu Pulkeria. Nimemwambia aandike ninavyosema, asinilainishie maneno, maana ukisikia maneno laini utajua si yangu. Nawe usomewe na mwanao Leonadi, si katekista.

Anatolia yuko hapa. Usihangaike kumtafuta mjukuu wako kwa watu. Alifika Jumatatu jioni, miguu imevimba, sauti imekauka kwa kulia. Nilimpa maziwa kwanza, kisha nikamwambia aseme yote.

Anasema wakwe walipokuja kuona nyumba, shangazi ya bwana harusi alisimama mbele ya ukuta ambao mtoto ameurembesha kwa mavi ya ng'ombe na majivu, akausifu, akauliza nani alimfundisha. Mtoto hajui kudanganya. Akajibu kwamba aliota ng'ombe wasio na macho wakitoka ardhini, siku tatu mfululizo, na hakupata usingizi mpaka alipowaweka ukutani. Yule shangazi akarudisha kibuyu cha maziwa bila kuonja, akaaga. Kesho yake katekista Elpidius akakwambia hizo ni ndoto za shetani. Nawe, mdogo wangu, ukachukua jembe ukakwangua ukuta wote, mtoto amesimama anatazama. Sasa unataka aape mbele ya wakwe kwamba hatachora tena maisha yake, la sivyo harusi hakuna.

Umefanya vibaya. Nakwambia mimi niliyekubeba. Katekista simlaumu, kazi yake ni kumwogopa shetani. Lakini wewe mavi ya ng'ombe ukutani umeyaona tangu ulipofumbua macho, leo ndiyo yamekuwa dhambi? Ulipowakwangua wale ng'ombe hukuwaua, uliwarudisha kichwani mwake. Usiku ule wa Jumatatu alipiga kelele usingizini mpaka ndama wakashtuka. Jana nikampa ukuta wa jikoni kwangu. Alichora kutwa nzima, hakula, na usiku hakugeuka hata mara moja.

Utaniuliza nilijuaje dawa hiyo. Hapo Pulkeria ameinua macho kunitazama, nami nimemwambia aendelee kuandika.

Unamkumbuka kaka yetu Byarugaba. Wewe ulikuwa bado wa kubebwa mabegani kwake. Wakati wa mvua, kabla ya kuvusha ng'ombe, ilikuwa lazima mtu aende mtoni kutazama kijiti kilichochomekwa ukingoni. Kikizama, ng'ombe hawavushwi. Siku ile baba alinituma mimi. Sikwenda, Kokushubira. Nilikuwa na mkeka wangu, umebaki vidole vitatu kwisha. Nikaketi kwenye nyasi nikasuka, nikamaliza, nikarudi nikasema kijiti kimesimama. Byarugaba akaingia majini na ng'ombe kumi na mmoja. Wakatoka wanne. Yeye hakutoka.

Watu wakasema alikuwa na kiburi, aliyadharau maji. Baba alikufa akisema hivyo. Wewe umewasimulia wajukuu hivyo, nami nimekaa hapo hapo nikimenya ndizi, nikanyamaza. Miaka hamsini.

Nilimwota kila usiku. Ulipoolewa ukaniomba nikurembeshee chumba, nikakuchorea ndoto ile. Mistari inayopanda na kuvunjika ni mto. Ule mweupe mmoja unaokatika katikati, ambao wewe huwaambia maharusi ni njia ya ng'ombe wakirudi nyumbani, ni yeye. Wote wakaiga, hata wasichana wa Bugomora. Usidhani nilikuchorea kwa upendo tu. Nilitaka ndoto ile ikae kwa mtu mwingine ili mimi nilale. Na nililala.

Mtoto nimemwambia leo asubuhi. Alinishika mkono.

Jumamosi tutakuja wawili. Ukitaka kunitukana mbele ya watu, nitukane, nitaketi chini nikusikilize. Ukitaka kukwangua, twende chumbani kwako, na jembe nitalishika mimi. Na shangazi ya bwana harusi nitamfuata mimi mwenyewe nimweleze. Lakini Anatolia usimwapishe. Yeye hakumuua mtu. Ameota tu.

Nisalimie Leonadi na mke wake, na majirani wote wanaoniulizia. Mungu akae nawe mpaka nifike, na nikifika pia akae karibu.

Ni mimi dada yako, bado dada yako ukikubali,

Kyarisiima
(dole gumba langu hilo hapo chini)