Uzi wa Jinzi Ufizini

Jumatatu, 4 Machi

Ufizi umevimba tena. Pale mbele juu, kuzunguka jino la kupandikiza. Nikibonyeza kwa ulimi unatoa kitu cha chumvichumvi — usaha, tuuite kwa jina lake. Jino lenyewe haliumi. Litaumaje? Ni skrubu yenye kofia.

Dada kaona damu kwenye sinki. Ling'oe, kasema, uvae la bandia kama mimi, ukilala unalivua. Meno yake hulala kikombeni, karibu na majani yangu ya chai. Asante! Miaka minne ya pengo nilicheka na kiganja mdomoni, wateja wakadhani nina adabu. Mwaka juzi nikapandikiziwa hili, nikacheka waziwazi. Sirudi nyuma.

Alhamisi, 7 Machi

Kliniki. Daktari wa meno kijana, mpole, vidole vyembamba — angefaa kwenye vifungo. Kaingiza kijiti chenye alama kati ya ufizi na skrubu: milimita saba, na damu. Saba! Mimi fundi cherehani, saba naijua. Ni pindo zima la kitambaa cha mkononi. Eksrei inaonyesha mfupa umeanza kuliwa.

Akauliza nasafisha kwa kitu gani. Mswaki tu, nikasema, macho makavu.

Ganzi. Akakwangua, akasuuza, akakwangua. Akavuta kitu kwa kikoleo, akakilaza kwenye pamba chini ya taa. Kiunyuzi. Rangi ya machungwa.

Nilikijua kabla hajasema neno. Uzi wa jinzi! Suruali ya mwisho ya jinzi nilishona Desemba. Uzi ninao mkononi siku nzima, mgumu, haukatiki — kwa nini nikanunue ule wa kusafishia kati ya meno? Kumbe hukatika. Miezi mitatu umekaa humo unakusanya uchafu, na aliyeuweka ni mimi.

Mama, akasema, huu si wa meno.

Zipu nayo ina meno, nikamjibu, mdomo umekufa ganzi. Akacheka mpaka barakoa ikashuka. Mimi nilitaka kulia.

Masharti: nisiguse meno kwa uzi wa kushonea, nisikate uzi kwa meno, nisishike pini mdomoni. Kiburashi chembamba kila usiku. Wiki sita. Ile saba ikishuka hadi nne, jino linabaki. Isiposhuka, anafungua ufizi asafishe ndani. Na mfupa ukizidi kuliwa, skrubu inatoka.

Haitoki.

Ijumaa, 8 Machi

Nimeng'ata uzi mara tatu kabla ya saa nne! Miaka ishirini na sita ya kazi, mazoea yana taabu. Mkasi nimeuning'iniza shingoni. Pini nimechomeka kwenye mkono wa gauni, zimenichoma mara mbili. Mteja kauliza kama naumwa. Naumwa ubishi.

Jumapili, 24 Machi

Hakuna usaha. Siku ya tano! Dada hakufurahi. Sikio la kufa halisikii dawa, kasema. Nikamwambia huu ni ufizi. Akaendelea. Nikamwambia wewe ulikubali kung'olewa upesi mno, ndiyo maana unakereka. Akaondoka.

Nimejuta. Radhi sikuomba. Baadaye nikamkuta mbele ya kioo, anasukuma meno yake kwa kidole gumba yakae sawa.

Alhamisi, 18 Aprili

Naandika kwenye benchi la kliniki, daftari gotini. Kiburashi sijakikosa hata usiku mmoja. Lakini leo asubuhi, tone la damu. Moja tu. Sijamwambia mtu.

Dada kaja. Sikumwita, kajileta, kavaa meno yake na kitenge kipya. Naogopa — nimeandika, basi. Amenigusa bega akaninong'oneza kuhusu mzee aliyekaa mbele yetu, aliyebana midomo kama anangoja kunyang'anywa kitu: huyo kajishona mwenyewe, akasahau sindano ndani.

Nimecheka! Na mkono wa kushoto ukapanda wenyewe kuziba mdomo. Baada ya miaka miwili! Nimeushusha. Nimeukalia.

Mlango umefunguliwa, naitwa. Dada anasema nisimame, daktari anangoja na kijiti chake. Angoje. Sijamaliza kucheka.