Mia na Ishirini ya Baba

Nyumba Na. 41, Mtaa wa Stesheni,
Jatibonico, Sancti Spíritus,
Kuba.
8 Novemba 2009

Mpendwa kaka Evelio,

Barua hii ikukute mzima huko Tampa, pamoja na wifi Maribel na watoto. Mgongo wako unaendeleaje? Uliniandikia kwamba kusimama kutwa nzima ghalani kumekuharibu kiuno, nami nilipoisoma nikacheka kwa uchungu, maana changu nacho hakinitaki tena. Mama katuachia urithi huo mmoja, na tumegawana sawasawa. Jaribu kulala chini, godoro laini ni adui.

Sisi huku hatujambo, tunasukuma siku. Umeme hukatika pale pale ninapotia maharagwe kwenye jiko, kana kwamba kuna mtu anayenichungulia. Shemeji yako Wifredo alikuwa na homa wiki mbili, sasa amepona na anakula wali wa watu watatu. Shangazi Obdulia ametimiza miaka themanini na miwili na bado anavuta sigara zake nyeusi. Ukimwambia aache, anakuuliza umekuja kumtembelea au kumzika.

Baba yupo. Mwezi wa nne daktari alitwambia moyo wake umechoka, asipande ngazi, asibebe mzigo, asigombane na mtu. Ngazi na mzigo kaacha. Tangu siku hiyo akawa anakaa kwenye kiti chake cha bembea ukumbini, anaitazama pikipiki yake La Prieta chini ya turubai lake. Nikaona huyu mzee atakufa anatazama turubai.

Kwa hiyo nimeifufua, kaka. Ndiyo, pikipiki ile ile. Tangu kiwanda cha sukari kifungwe, mimi na wenzangu wawili wa karakana tunatumia mashine moja ya kukereza kwa zamu. Nikapata pistoni kuukuu ya trekta, nikaikereza ikaingia kwenye silinda yake. Pete za pistoni nilizitoa kwenye pampu ya maji. Ilinichukua miezi mitatu, na mikono yangu sasa inanuka oili hata nikikanda unga. Nilifanya kwa ajili ya Baba, nisikudanganye. Wewe hukuwamo mawazoni mwangu.

Sheria ya Baba unaikumbuka: injini iliyotoka kutengenezwa isivuke kilomita hamsini kwa saa mpaka imalize kilomita mia tano. Basi wiki saba nimekuwa nikienda Majagua na kurudi, mshale wa mita umeganda kwenye hamsini, nimekaa juu ya chuma hicho kama gunia la viazi. Malori yalinipita. Mabasi yalinipita. Watu walinipungia mikono kwa huruma.

Siku moja likanipita trekta. Mwenyewe akageuka akaniuliza, "Dada, nikuvute?" Nilimjibu maneno ambayo Mama asingependa kuyasikia. Lakini halafu nikajiuliza, ni trekta gani hili linalokwenda zaidi ya hamsini?

Kesho yake nikahesabu nguzo za kilomita za Barabara Kuu, moja baada ya moja. Kutoka kwetu mpaka daraja la Majagua ni nguzo kumi na nane. Mita ya pikipiki ilisema ishirini na tatu. Nikarudi nikihesabu tena: kumi na nane, ishirini na tatu. Wahenga wanasema njia ya mwongo ni fupi, lakini ya huyu ilizidi kwa kilomita tano nzima.

Nikasimama kando ya barabara nikapiga hesabu kwa chaki juu ya tangi. Mshale ukisema mia na ishirini, mwendo wenyewe ni tisini na nne. Ukisema mia na kumi, ni themanini na sita.

Themanini na sita, Evelio. Niliiandika namba hiyo nikaketi kwenye majani, nikalia.

Maana naikumbuka siku ile kama jana. Wewe una miaka ishirini, mimi kumi na minne. Baba alikuwa amekuruhusu kuchukua pikipiki, ila usivuke tisini, kwa sababu pistoni ya wakati ule ilikuwa ya kuungaunga. Ikakwama ndani ya silinda karibu na daraja, mkairudisha kwa kuisukuma, wewe na binamu Gildo. Gildo, aliyekuwa amepakiwa nyuma, akasema ameuona mshale kwenye mia na kumi. Wewe ukasema mshale ni mwongo, umepima kwa nguzo na saa yako ya mkononi, hukupita themanini na sita. Baba akakuzaba kibao mbele ya Mama na mbele ya meza nzima ya dhumna, akasema mwongo hali wali wake. Ukachukua nguo zako ukahamia kwa Shangazi. Miaka mitano baadaye ukapanda ule mtumbwi wa mapipa kuvuka bahari, na hukupita hata kuaga.

Na mimi niliuamini mshale. Nilikuwa mtoto, lakini hata nilipokuwa mtu mzima, fundi mwenye cheti, sikuwahi kwenda kuzihesabu zile nguzo. Niwie radhi, kaka.

Sasa sikia yaliyofuata. Habari ya kufufuka kwa La Prieta ilifika kwenye meza ya dhumna kabla sijanawa mikono. Unawajua wale wazee. Mjomba Eutimio, na meno yake mawili yaliyobaki, akaanza: "Mia na Ishirini, bibi harusi wako ameamka. Bado anaweza, au naye moyo umechoka?" Mzee Arcadio kinyozi akasema vikongwe kama hivyo siku hizi havifiki hata sabini, vinakohoa tu. Baba akavimba. Wakapanga Jumapili, tarehe mosi, La Prieta ikimbizwe kwenye ile barabara iliyonyooka, na Mjomba asimame na saa ya kupimia aliyopewa na mwalimu wa michezo. Kuendesha niendeshe mimi, kwa kuwa daktari kakataza.

Unajua jina hilo ni kitu gani kwa Baba. Hana medali, hana cheti, kiwanda alichokitumikia miaka thelathini na minane sasa ni vyuma chakavu na mbuzi. Alichonacho ni kwamba mwaka sitini na saba alikwenda mia na ishirini, na mji mzima unamwita hivyo. Watoto wa leo hawajui jina lake ni Casimiro.

Sikutaka aumbuke mbele ya watu. Alhamisi, tukiwa jikoni wawili tu, nikamwekea karatasi ya hesabu mbele ya kikombe chake. Nilidhani atanifukuza. Aliisoma mpaka chini, akasema, "Najua."

Nikamuuliza anajua nini.

"Gurudumu la nyuma," akasema. "La asili lilipinda mwaka sitini na sita. Nikafunga dogo, la pikipiki nyingine, hakukuwa na lingine nchi nzima. Dogo linazunguka mara nyingi zaidi, na mita inahesabu mizunguko. Na mita nayo ni ya kuokoteza. Mara ya kwanza tu nilipopita nguzo nikajua mshale unanipandisha cheo."

Kaka, niliinuka kitini. Sijawahi kumpandishia Baba sauti maisha yangu yote, lakini siku hiyo nilisahau daktari, nikasahau moyo wake. Nikamwambia, ulijua, na bado ukampiga?

Akasema, "Ningekubali kwamba yeye ni mkweli, mimi ningebaki nani?"

"Ungebaki baba yake," nikamwambia.

 Alikaa na kikombe chake mpaka kahawa ikapoa, na nilipotoka nje kulisha kuku na kurudi, alikuwa bado amekaa vile vile. Sikumwonea huruma. Nakuandikia ujue hivyo.

Jumapili ikafika. Nilitegemea atasema anaumwa, na kusema kweli ningemfichia siri yake, kwa sababu nimechoka na vita vya watu wazima. Lakini alivaa shati lake jeupe, Gildo akampakia kwenye mkokoteni wa farasi, wakaja. Wazee sita na mwavuli mmoja. Nikaizungusha La Prieta, nikarudi nyuma kilomita mbili, nikafungua mafuta.

Nitakwambia ukweli, inakimbia vizuri. Injini ya mwaka hamsini na nne, pistoni ya trekta, pete za pampu, na bado inakuvuta mpaka macho yanatoa machozi. Mshale ulifika mia na kumi na mbili nami nikauachia hapo. Kati ya nguzo mbili nilitumia sekunde arobaini na moja.

Mzee Arcadio, anayejua hesabu, akakwaruza mchangani kwa fimbo, akatoa themanini na saba na kidogo. Mjomba Eutimio akaitikisa saa, akasema imeharibika. Wengine wakasema nguzo zimehamishwa na watu wa barabara. Mmoja akasema mimi ni mzito. Walikuwa wanamtafutia Baba mlango wa kutokea, kila mtu na mlango wake.

Baba akashuka kwenye mkokoteni. Akawaambia saa ni nzima na nguzo hazijahama. Akawaeleza gurudumu, akawaeleza mita, akawaambia mwaka sitini na saba alikwenda tisini na nne na alijua siku hiyo hiyo. Halafu akasema hivi, nakupa maneno yake kama yalivyotoka: "Evelio alinieleza, nami nikampiga kwa kusema kweli. Ninyi mlikuwepo, mliona."

 Farasi aliendelea kutafuna majani. Mwishowe Mjomba Eutimio akasema, "Casimiro, mimi nilikupa dada yangu kwa sababu ya mia na ishirini." Wakacheka wote, wakacheka mpaka Mzee Arcadio akashikilia mti. Baba hakucheka. Aliomba arudishwe nyumbani.

Jumatatu nilipokwenda kununua mkate, muuzaji aliniuliza Mia na Ishirini hajambo? Kwa hiyo jina limebaki. Wazee wamesamehe siku hiyo hiyo, kwao ni kichekesho kipya, kitawatosha mpaka Pasaka. Lakini Baba hajatoka nyumbani tangu siku hiyo. Hagusi dhumna. Usiku namsikia anakohoa, anainuka, anakaa tena.

Sikuandikii ili nikuombe umsamehe. Wengine huku wananiambia, mwandikie, mwambie mzee ameshakiri, mambo yaishe. Yaishe vipi? Miaka ishirini ni ya kwako, wewe ndiye uliyeila. Mama alikufa akitazama mlango. Mimi nimekuletea tu hesabu, uione kwa macho yako kwamba ulikuwa sahihi.

Gildo anakuomba radhi kwa machozi, anasema aliona mshale na akausema mshale, hakujua. Usimchukie, naye alikuwa kijana. Shangazi Obdulia anasema alijua siku zote kwamba hukudanganya, na kwamba umtumie dawa ya magoti. Wifredo anakusalimu. Mjomba Eutimio anakusalimu na anasema saa yake ni nzima. Mbusu wifi Maribel kwa niaba yangu, na wanao wote wawili. Bikira Mtakatifu wa Caridad awafunike kwa vazi lake, akulinde barabarani, akuinue kiuno.

Sasa salamu za Baba. Hapa, kaka, na mimi nina la kukiri. Tangu uondoke, kila barua nimekuandikia kwamba Baba anakusalimu sana na anakuombea. Hakuwahi kusema hivyo. Hata mara moja. Nilikuwa nazitunga mwenyewe, hata ile ya mazishi ya Mama. Niliona nawashikilia msianguke, wewe huko na yeye huku, na mikono yangu imechoka. Sizitungi tena.

Asubuhi ya leo nilimpa karatasi na penseli, nikamwambia aandike mwenyewe. Yuko meza ya jikoni tangu kifungua kinywa, sasa ni saa kumi ya jioni na hajala. Nimepita nyuma yake mara mbili bila kutazama. Mtu anayesafiri anakuja kuchukua bahasha kabla ya magharibi. Nitaikunja karatasi yake jinsi ilivyo, nitaiweka humu ndani, sitaisoma. Ukiikuta ina neno moja tu, hilo ni la Baba, si langu.

Mimi dada yako nikupendaye hata nikiwa nimechoka,

Nereida