Fimbo Ndefu Kumshinda Chebet

Alhamisi

Na bado hajawaambia. Asubuhi shemeji aliniahidi kwamba jioni atawakalisha watoto chini, awaambie mama yao hatarudi kutoka hospitali. Jioni imefika, amekunywa chai, amenyamaza. Mwanaume mzima.

Kazi aliyonipa ilikuwa moja: "Watoe hapa, wasione." Majirani walikuwa wanakuja kuchimba kaburi la dada nyuma ya nyumba, na mazishi ni kesho. Kwa hivyo nikatunga mchezo wa kutafuta vitu. Nikawaandikia Chebet na ndugu yake mdogo orodha: unyoya mweupe wa kuku, mbegu ya mti wa blugamu, ua la chai, fimbo ndefu kukushinda. Nikawatuma shamba la chini, kwa majani chai, nikidhani itawamaliza mchana wote.

Hata saa moja haikuisha. Chebet akaja mbio kutoka nyuma ya nyumba na fimbo iliyochongwa vizuri, imekatwa sawasawa huku na huku. Mchimbaji mmoja alikuwa anamfuata akiniita, "Mama, huyo mtoto amebeba kipimo chetu! Tutajuaje urefu wa shimo?"

Chebet akaisimamisha kando yake, akaitazama mpaka juu.

"Anti, nimepata. Imenishinda," akasema. "Na mama, imemshinda kidogo tu."

Halafu akaenda mwenyewe kumrudishia mchimbaji, bila kuambiwa.