Nilimwambia Akubali Yaishe

Chumba namba 9, ghorofa ya tatu,
Nyuma ya kiwanda cha mikate.
14 Juni

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na kwamba lile goti halikusumbui tena ukipanda ngazi. Mkazamjomba hajambo? Mimi afya ninayo. Usingizi ndio umenikimbia, na sababu yake utaiona.

Mdogo wangu anafukuzwa nchi hii, anarudishwa huko kwenu Alhamisi ijayo. Nimeona niandike mwenyewe kabla maneno ya watu hayajakufikia, maana najua huko wameshamwita mwizi.

Unakumbuka alikuwa mpiga pasi kwenye chumba cha kufulia cha hoteli. Mle ndani, karibu na mlango, kulikuwa na kikapu cha mashuka yaliyochanika. Ilikuwa desturi yao ya miaka mingi: shuka likiingia kikapuni ni la mfanyakazi yeyote atakayelitaka. Mapazia yangu yote mawili yametoka humo. Akaja msimamizi mpya asiyejua habari za kikapu wala kutaka kuzijua. Mlinzi akafungua mkoba wa mdogo wangu getini, akakuta mashuka manne. Basi, wakaitwa polisi.

Alikaa rumande siku kumi na moja. Siku ya kesi, wakili tuliyepangiwa na mahakama alitukuta koridoni, mafaili kwapani, hajui hata lipi ni letu. Akasema akikiri atatoka leo leo kwa onyo. Akikana, atarudi rumande kusubiri miezi. Mdogo wangu akanigeukia, akaniuliza, "Dada, nikiri kitu ambacho sikufanya?"

Mjomba, nikamwambia, "Kubali yaishe."

Si ndivyo ulivyotulea? Sahani ikivunjika na aliyeivunja hajulikani, mmoja wetu anaomba radhi, chakula kinaendelea. Hukutaka kujua nani kakosa, ulitaka nyumba itulie. Nami kwa ujinga wangu nikadhani mahakamani nako ni hivyo hivyo. Akasimama kwa adabu zote, akasema amekosa na anaomba asamehewe. Karani akaandika kwamba amekiri kuiba. Jioni ile tulikula, tukacheka, nikajiona mwerevu kuliko wakili.

Miezi mitatu baadaye alikwenda uhamiaji kuongeza muda wa kibali chake cha kuishi, hakurudi: walikuta ameandikwa mwizi, wakamzuia huko huko. Kesi ikaenda mahakama yao. Msimamizi wa zamani, mzee wa watu aliyekianzisha kile kikapu kwa mikono yake, alikuja na maelezo ameyaandika vizuri, akakaa kwenye benchi la koridoni tangu asubuhi mpaka wafagiaji walipoanza kuinua viti. Hawakumwita. Hakimu alisema hapo hawasikilizi habari za mashuka, hayo yalikwisha kule kwingine, na mhusika alikiri kwa hiari yake. Tukarudi kule kwingine. Huko wakasema muda wa kukata rufaa umeshapita.

Kinachoniudhi zaidi ni upole wao. Hakimu aliniuliza kama nahitaji maji. Nilitamani anitukane, ningejua pa kuanzia kumchukia. Wananiambia kila hatua imefuata sheria, na kweli kila karatasi ina muhuri wake. Nimezisoma zote, hakuna hata moja iliyouliza kama aliiba.

Jana nilimwona kizuizini, kupitia kioo cha wageni. Hakunilaumu. Alitaka tu kujua kama kikapu bado kipo. Nilimwambia kipo, ingawa nimesikia wamekitupa.

Nisalimie mkazamjomba, mapacha, na jirani yenu fundi viatu, ambaye najua atakuja kuuliza. Huyo msimulie yote, atawafikishia wengine. Mungu akuzidishie umri na aitunze nyumba yako.

Ombi langu ni moja. Namjua ndugu yangu: akifika atapiga magoti mlangoni akuombe radhi kwa aibu aliyokuletea. Usiipokee radhi hiyo, Mjomba. Mkalishe, muulize kilichotokea, na umsikilize mpaka amalize, maana huku hakuna aliyefanya hivyo, hata mimi.

Nabaki wako akupendaye, na mwenye kosa,
Mpwa wako mkubwa.