Ratili Mia na Tano

Kasese, 6 Mei 1968

Mdogo wangu Laurentine,

Natumaini karatasi hii inawakuta mkipumua vizuri huko Bwera. Huku mimi na Wivine tuko wazima, ila mgongo wangu na vumbi la unga.

Umeandika kwamba tangu tumzike mama, baba anakula vijiko vitatu tu, na kwamba huzuni itamuua. Kwanza, sema tangu mlipomzika. Mimi sikuzika. Nilifika siku ya pili nikakuta udongo umeshasawazishwa, na baba akaniambia maiti haingoji basi. Nikateremka mtoni, nikapandisha mawe ishirini na manne, nikazungushia kaburi, nikaondoka bila kunywa hata maji. Mawe hayo ndiyo mazishi yangu.

Pili, huzuni haiui. Nimewahesabu wajane na wagane ninaowajua, kutoka Butembo mpaka Kabatoro: kumi na tisa. Aliyekufa kabla ya mwaka kwisha ni mmoja, naye alikuwa na kifua. Inayoua ni njaa, na njaa inapimika. Yonasani mnunuzi wa kahawa ana mzani wa kusimama. Kila Ijumaa mpandishe baba, uniandikie ratili. Mtu wa kimo chake akishuka chini ya mia na tano, hiyo ni hatari, nitafunga mashine ya kusaga nije. Akiwa juu ya hapo, sifungi. Ni mavuno, magunia ya watu wa Rukoki yamefika barabarani.

Kaka yako,
Hilaire


Bwera, 20 Mei 1968

Yaya Hilaire,

Tumeamka salama, wewe je, na mgongo? Wifi yangu Wivine umsalimie.

Nimemsomea baba barua yako. Akaniambia nirudie pale penye mia na tano. Nikarudia. 

Ijumaa ya kwanza, ratili mia na kumi na saba. Ijumaa hii, mia na kumi na mbili. Alipopanda mzani aliwaambia watu, “Mukinikausha vizuri mutaniuza bei ya kahawa ya daraja la kwanza.” Yonasani alicheka mpaka akakaa chini. Mimi sikucheka. Nyumbani bado anamwekea mama kiti, halafu anageuza chake akitazame.

Kuhusu wale kumi na tisa wako: huyo mmoja, nani alimpima huzuni yake?

Njoo, yaya. Usingoje namba.

Mdogo wako,
Laurentine


Kasese, 3 Juni 1968

Laurentine,

Mko wazima? Sisi tunasukuma siku.

Mia na kumi na mbili si mia na tano. Mpe uji wa mtama vikombe viwili asubuhi na samaki wa Katwe mara tatu kwa juma. Macho ya mwanamke anayelia yanaongeza, mzani hauongezi. Amini mzani.

Baba hajanitumia neno lolote?

Kaka yako,
Hilaire


Bwera, 24 Juni 1968

Yaya,

Natumaini mgongo umepoa. Sisi baridi ya asubuhi imetushika, baba havui tena lile koti lake refu la kaki.

Ulishinda. Mia na kumi na tatu, halafu mia na kumi na nne, na Ijumaa iliyopita mia na kumi na sita. Uji wenyewe naona kama anampa mbwa, lakini mzani ndio huo. Kila siku yuko kaburini. Mawe yako huko yamepungua, nadhani kuna mtu anajengea mafiga. Nitamtafuta.

Ulichouliza: hajatuma neno. Ila ananiuliza mimi, “Sasa niko juu ya ile namba yake?” Nikimwambia uko juu, anasema, “Basi aache kusumbuka.”

Mdogo wako,
Laurentine


Kasese, 1 Julai 1968

Laurentine,

Afya ni njema, kazi ni nyingi mno. Unaona? Ratili nne kwa wiki tano. Nilikwambia huzuni haiui. Nitakuja mwezi wa tisa, magunia yakipungua.

Na mwizi wa mawe umpate.

Kaka yako,
Hilaire


Bwera, 12 Julai 1968, asubuhi

Yaya Hilaire,

Leo sikuulizi habari. Jana jioni baba alikaa kwenye kile kiti cha mama, akaegemea ukuta, akafa. Mtu wa zahanati alimgusa mara mbili tu, akaandika “moyo”. Homa hakuwa nayo.

Tulipomvua koti lilitulemea mikononi. Mawe yako yalikuwa ndani, manne mifukoni, matatu ameyashonea kwenye bitana kwa uzi wa mama. Saba. Nimeyapeleka kwa Yonasani: ratili kumi na nne. Hesabu ya kutoa ifanye mwenyewe, mimi siwezi.

Macho yangu yaliona mifupa, yaya. Lakini mzani ulisema mia na kumi na sita, na wewe ulisema niamini mzani.

Wazee wanataka azikwe leo. Nimekaa mlangoni, nimewaambia hatoki mtu hapa mpaka ufike. Namtuma jirani yetu Tefiro na pikipiki akuletee karatasi hii.

Mdogo wako,
Laurentine


Kasese, 12 Julai 1968

Laurentine,

Tefiro anarudi na karatasi hii. Mimi na Wivine tunapanda lori la saa saba, saa kumi tutakuwa hapo. Mashine nimeifunga. Watu wananung'unika na magunia yao, wacha wanung'unike.

Nimetoa. Mia na mbili. Kwa mia na mbili ningekuja, na alijua ningekuja.

Wale kumi na tisa ongeza baba, ni ishirini. Na yule wa kifua sina hakika naye tena.

Mawe yarudishe ndani ya koti, asiyaguse mtu. Na mtoni sitashuka mara ya pili. Yote ni ishirini na manne, nitayapanga upya mwenyewe. Kumi na mawili kwa mama, kumi na mawili kwake.

Endelea kukaa mlangoni.

Kaka yako,
Hilaire