Jiwe la Kijani Liko Chini ya Meza

Vumilia,

Maharage nimeyaepua, yafunike. ~~Mashine ya kukereza usiiguse mpaka nirudi.~~

Asubuhi nilikufokea mbele ya wateja. Uliniambia, "Baba, jiwe ulilofunga kwenye mashine ya kunolea ni la kijivu, la kunolea chuma cha kawaida. Kisu cha kabaidi ni kigumu mno, haliking'ati, linakiunguza tu." Nikasema ni la kijani, usinifundishe kazi. Ulipokwenda kuchota maji nikalifungua, nikalitoa nje juani. La kijivu. Juzi pia nilimwita mama yako "shemeji" pale mlangoni, mkacheka, nami nikajidai natania.

Nimekwenda hospitali ya Kolandoto kupimwa macho. Mama yako nitamwambia mwenyewe.

Jiwe la kijani liko chini ya meza ~~upande wa~~ utaliona. Kabla ya kulifunga ligonge kwa mpini wa bisibisi. Likilia kama kengele ni zima. Likilia kama chungu chenye ufa, litupe. Kisu kikipata moto usikichovye majini, kitapasuka.

Shafti ya mteja wetu Mayala, ya karasha yake ya kusagia mawe, imalizie wewe. Akija akauliza fundi yuko wapi, mwambie anaongea naye.

Baba yako