Mama Nabintu, Kilio Chako Ulikisikia

Mama Nabintu,

Nakuandikia nikiwa jikoni, katika nyumba yako ya wagonjwa hapa Kalundu, na mikono yangu ingali inanuka samaki. Karamu ya mwaka ilikuwa jana. Imefanyika, Mama. Bila weye. Sikujua kama nitaweza kuandika hilo neno.

Unakumbuka vile ulianzisha mambo haya? Tulikuwa tunaogesha wale ambao hospitali imewarudisha kwa sababu hawatapona, na hata sabuni ilitushinda. Halafu muntu akifa, mutaa muzima unakuja kwa kilio na makala ya kupikia, unga, sukari, vikwembe vya kuvaa. Ukakasirika. Ukasimama kanisani baada ya misa, mikono kiunoni, ukasema, "Vile mutaleta kwa kilio chake, muvilete sasa, angali anasikia."

Wengine walinong'ona kwamba unaita kifo. Lakini walikuja. Kila mwaka wakaleta, wakala, korale ikaimba, na wagonjwa wetu wakakaa viti vya mbele kama maharusi, kila mumoja akisifiwa mbele ya macho yake na watu wake. Nani mwingine angewaza hivyo? Minye singeweza, hata ungenipa miaka mia.

Mwaka jana ulikaa kiti hicho weye mwenyewe, umekonda, kikwembe kinakuzunguka mara mbili. Tukakusifu, tukalia, na weye ukakatiza wimbo kuambia sauti ya pili kwamba iko inapiga kelele. Eh, Mama! Hata kilio chako ulikisimamia.

Kaka yako mukubwa, Papa Bahati, hakushuka kutoka Lemera siku ile. Mulikuwa hamusemeshani tangu ugomvi wa shamba la baba yenu. Kwenye mazishi ndipo alikusifu, mpaka padri akaanza kuangalia saa. Maneno mazuri sana, na sanduku lilikuwa limekwisha kufungwa.

Sasa sikia. Baada ya kukuzika, unga ulibaki kidogo sana. Karamu isingefanyika, tungekosa cha kuwalisha, tungerudisha wagonjwa kwao, na Mama Sifa wa Katogota, yule mwenye uvimbe, hana hata mulango wa kurudia. Nikaalika watu. Papa Bahati akashuka. Akasema matanga yako hayajaondolewa, ngoma haiwezi kulia katika nyumba ya dada yake, na asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Nilikubali, Mama, minye mwenye mudomo huu! Ni kaka mukubwa, na desturi iko upande wake. Nikaenda kufunga nguo za Mama Sifa, machozi yananidondokea juu ya vitenge vyake.

Mama Sifa akaomba aitiwe kaka yako. Akamwambia polepole kutoka kitandani, "Papa, kilio cha dada yako tulikimaliza akiwapo. Alikuwa anakutafuta kwa macho. Weye ulikuwa wapi?"

Alitoka, akasimama kuangalia ziwa mpaka chakula chake kikapoa. Kisha akarudi kuniambia nisifunge tena mizigo ya watu bure, niitishe korale.

Jana alifika wa kwanza, anavuta mbuzi wa kuondolea matanga yako. Watu wa Nyakabere walileta muchele na mihogo, akina mama wa soko wakaleta mikeke, samaki wa ziwa letu, na unga uko mpaka tunakosa pa kuuweka. Sombe, yale majani ya mihogo, nilipika minye. Iliungua kidogo, na hakuna aliyesema kitu, ndipo nikajua kweli haupo.

Zamu ya Mama Sifa ilipofika, hakukuwa na ndugu wa kumusifu. Nilikuwa najisukuma nisimame, Papa Bahati akanitangulia. Akapiga magoti mbele ya kiti chake, muzee yule, mbele ya kanisa zima. Alifungua kinywa kumusifu, maneno yakakataa. Likatoka moja tu, "Dada, nisamehe."

Mama Sifa akamuwekea mukono kichwani. Akajibu, "Nimesikia."

Korale ilishindwa kuimba, Mama. Tulilia wote.

Basi pumzika. Kazi yako iko na watu. Nakuahidi hivi: maadamu minye niko hapa, hakuna atakayetoka nyumba hii bila kusikia, kwa masikio yake, kwamba tulimupenda.

Riziki wako